Pedali ya Mkwabi

Mkwabi, mpiga gitaa la solo, alimsimamia kichwani Zaituni, fundi aliyekuwa akitengeneza gitaa lake, kama mtu anayechunga mfuko wake sokoni. Kila Mkwabi alipopunguza sauti kwa pedali ya mguu, gitaa liliziba kama lina mafua. Mbaya wake alimjua: Sijaona wa gitaa la pili. Mkwabi alishamfukuzisha kwenye bendi kwa kosa la kuchezea amplifaya yake.

"Unatia nini humo?"

"Kisakiti kidogo cha umeme, kaka. Pedali yako ndiyo inayonyonya sauti nyembamba kabla hazijafika kwenye amplifaya. Hiki kitazilinda."

"Nani kakutuma useme hivyo?"

Zaituni akakaza skrubu ya mwisho, akampa gitaa lake. Mkwabi akarudisha pedali nyuma, akasubiri nyuzi zizibe. Zikalia kwa sauti ndogo, lakini kali kama sindano.

"Umekitoa wapi?"

"Aliniachia Sijaona, siku ileile mliyomfukuza. Akasema, 'Mkwabi atakuja tu, akishamaliza watu wa kuwashuku.'"

Mkwabi akakandamiza kisigino mpaka gitaa likanyamaza kabisa. Akabaki hivyo, mguu juu ya pedali, akiogopa kuisukuma tena mbele.