Jikoni, Palipokuwa na Altare

Siku hizi jengo likibomolewa mjini, hufutwa pia vichwani mwa watu, ili asibaki wa kulililia. Anayesaini ridhaa ya kubomoa ndiye peke yake anayeachiwa kumbukumbu. Ya Kanisa la Mtakatifu Monika niliisaini mimi, katibu wa parokia. Sikulazimishwa na mtu. Nilipewa nyumba ya chini katika ghorofa lililojengwa pale pale.

Mama yangu aliimba kwaya humo miaka arobaini. Sasa kila Jumapili asubuhi huvaa kitenge cha kwaya, ambacho hajui alikipata wapi, huja jikoni kwangu na kusimama mbele ya friji. Hapo ndipo palipokuwa na altare. Leo alipiga goti, taratibu kwa sababu ya maumivu, kisha akanitazama.

"Tekla, mwanangu, hivi nimekuja kufanya nini hapa?"

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli.

"Umekuja kunywa maji, mama," nikasema, nikamwinua.

Nikamjazia glasi. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Amina."