Mshono wa Kwapani

Bibi alitimiza miaka sabini, na kama ilivyo ada, mwanawe mkubwa akambeba mgongoni acheze naye. Ukumbi mzima, pale mjini Daegu, Korea, ukashangilia. Okbun, aliyeanza kazi ya udijei wiki tatu tu zilizopita, akaongeza kasi ya muziki.

Bibi akarusha mikono juu. Hanbok yake, vazi la jadi la Kikorea la hariri, ikachanika kwapani.

Okbun aliujua mshono ule. Ilikuwa nguo yake ya mwisho kushona. Aliimaliza harakaharaka kwa sababu mnunuzi wa cherehani yake alishafika mlangoni; Okbun alikuwa amechoka kuinama, akitamani kazi ya kuchangamsha watu.

Bibi akashushwa, akamjia Okbun akicheka. "Fundi wangu! Unaniacha uchi mbele ya wakwe? Hebu nipigie nyuzi mbili tatu."

Mkono wa Okbun ukaenda wenyewe kwenye ukosi, pale alipokuwa akichomeka sindano kwa miaka ishirini. Vidole vikagusa kipaza sauti kidogo, cha baridi.

"Sina sindano, mama."

Bibi akaubana mpasuko kwa kiwiko.

"Basi piga muziki, mwanangu. Nitacheza kwa mkono mmoja."