Skrubu ya Kiatu cha Kushoto

Baba alipiga goti kwenye theluji amfungie bintiye Burgl viatu vya ski, kama afanyavyo kila wanapofika juu mlimani, kwenye lango la kuanzia mbio za kuteleza. Kidole chake kikapita nyuma ya kiatu cha kushoto, kikatumbukia kwenye tundu.

“Skrubu iko wapi?”

“Nimeing’oa.”

“Umeing’oa! Si ndiyo inayokaza kiatu, we mtoto? Mbao zenyewe za ski ngumu kama reli, halafu kiatu kimelegea kama ndala! Zitakupeleka zinakotaka zenyewe.”

“Kikikazwa, mguu haupindi, Baba. Mwaka jana uliniambia nijikaze. Nikajikaza, mpaka kano ya goti ikakatika.” Akavua glavu na kufungua kiganja. “Hii hapa. Irudishe, basi. Ila uirudishe kwa mkono wako.”

Msimamizi wa lango akaita namba ya Burgl. Kule bondeni watu walishaanza kushangilia kwa kutikisa kengele za ng’ombe. Burgl alikuwa hatulii, anachoma theluji kwa fimbo zake za ski, huku na huku.

Baba akaikamata bisibisi iliyoning’inia shingoni mwake. Akaitazama skrubu. Kisha akaiachia bisibisi, akaichukua skrubu kiganjani mwa Burgl, akaibana kwa midomo ili apate mikono yote miwili, akafunga vifungo vya kiatu kimoja baada ya kingine.

Burgl akachomoka.

Baba akavuta pumzi ampigie kelele yake ya miaka yote: “Jikaze!”

Midomo haikufunguka. Skrubu ilikuwa imegandana nayo kwa baridi.