Kadi ya Baba Mkunde

Siku hizi kila marehemu huacha kadi moja. Ukiiweka juu ya mashine ya gemu, anatokea kwenye skrini na kucheza nawe. Mkunde, mwenye miaka saba, aliibadilisha kadi ya marehemu baba yake shuleni na mwenzake Subira, akapewa kadi ya gemu ya farasi mwenye mabawa.

Mama yake, Zamoyoni, alikwenda kuidai kwa kina Subira. Alimkuta mumewe kwenye skrini, akicheka.

"Baba Mkunde!"

"Karibu, dada," alijibu kwa adabu, kisha akamgeukia Subira. "Piga mpira, mwanangu!"

Marehemu humjua mwenye kadi yake tu.

"Subira hajawahi kuwa na baba," mama yake Subira alinong'ona. "Lakini ichukue tu, dada."

Zamoyoni alimtazama mtoto akirukaruka kwa furaha.

"Nitakuja Jumamosi kumwona Baba Mkunde," alisema. "Msimwambie mimi ni nani."