Ndege Asiye na Kichwa

Sarafu ileile ilirudi tena Jumanne asubuhi, na Jicho akajifanya haijui.

"Hebu niione, Fundi," alisema, akabana lenzi yake jichoni. Lenzi hiyo ndiyo iliyompa jina. Lile alilopewa na mama yake lilikuwa limeshasahaulika mtaani.

Ndege wa kwenye sarafu hakuwa na kichwa. Siku ya kutengenezwa, kipande cha chuma kilikaa upande, mashine ikakigonga kombo, ukingo mmoja ukabaki mtupu na kichwa cha ndege kikaangukia nje. Makosa ya kiwanda ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa riziki ya Jicho, maana wapo watu wanaoyakusanya na kuyalipia zaidi kuliko sarafu iliyonyooka. Tena hii ilikuwa na mkwaruzo mdogo chini ya ukucha wa ndege, na mkwaruzo huo Jicho alikuwa ameuzoea kama chunusi kwenye shavu la jirani.

"Nimeipata kwenye chenji ya mkate," alisema Fundi. Mzee huyu alitengeneza saa maisha yake yote, na enzi zake aliweza kuuona unywele uliokwama kati ya magurudumu. "Naona wenzake wamemwagwa mjini!"

"Wewe nyota yako inang'aa, Fundi."

"Nipe chochote tu. Raha yangu kuwinda, si kufuga. Ila shemeji yako asijue."

Jicho akampa kidogo, tena kwa kusuasua, kama mtu anayepata hasara. Fundi alipotoka, akatikisa kichwa. Maskini, macho yamekwisha.

Mchezo wenyewe aliujua mwanzo na mwisho. Kesho angekuja mke wa Fundi, mshonaji wa chumba cha ng'ambo ya kichochoro, na utepe wake wa kupimia shingoni. Mara ya kwanza alikuja akinong'ona: "Shemeji, tangu mikono ya mume wangu ianze kutetemeka na saa zikamshinda, furaha yake ni hizi sarafu zenye kilema. Huna moja nikamtegee kwenye sahani ya chenji? Lakini usimwambie, ukimwambia umeniua."

Jicho alifungua droo, akamtoa ndege yuleyule aliyemnunua jana yake, akataja bei ya kutoa machozi. Shemeji akalipa bila kubisha. Baada ya siku chache Fundi akarudi anatweta kwa furaha, sarafu mkononi. Basi ndege akawa anavuka kichochoro kwenda na kurudi, mume akimuuza kwa bei ya karanga, mke akimnunua kwa bei ya mbuzi, na Jicho katikati, kimya. Ukila na kipofu usimguse mkono.

Msimlaumu sana. Kabla ya hapo duka lilikuwa linakata roho. Wanunuzi walikuwa wamehamia kwenye simu, na mwenye nyumba alishamwonyesha kufuli jipya alilolinunua kwa ajili ya mlango ule. Fundi na mkewe walipomletea pesa ya kodi ndani ya bahasha, Jicho aliwarushia bahasha yao. "Mimi sijawa ombaomba!" alifoka, akawanunia mwezi mzima. Njaa aliiweza; kusaidiwa ndiko kulikomshinda. Sasa kodi ilikuwa inalipwa, naye hakumpigia mtu magoti. Kwa hesabu zake, alikuwa amewatia wote wawili chupani.

Saa sita mchana mwenye nyumba akapita, akasimama mlangoni akatangaza kwa sauti ya mnada kwamba kodi imepanda.

"Haidhuru," Jicho alijisemea alipobaki peke yake. "Kesho nampandishia shemeji."

Akaketi ale kipande chake cha mkate. Lakini ng'ambo ya kichochoro cherehani ilikuwa inalia. Watu wote walikuwa wamepumzika, mama wa watu anakanyaga pedali, ili ampe furaha mzee wake. Jicho akauweka mkate chini. Aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayowasha masikio. Hawa wawili wanapendana hivi, naye ameketi kati yao akinyonya kama kupe.

Alifungua droo, akamchukua ndege. Ataungama kila kitu. Atawarudishia sarafu yao bure, na duka likifungwa lifungwe, kufuli jipya lipate kazi. Akavuka kichochoro kwa haraka, maana alijijua: akichelewa, moyo utageuka.

Cherehani ilikuwa imenyamaza. Akanyoosha mkono abishe kwenye mwimo wa mlango, pazia likiwa limeteremshwa, akasikia sauti ya shemeji ndani.

"Kesho zamu yangu kwenda kununua. Nimpe bei ileile?"

"Ongeza," Fundi alijibu. "Si umesikia kelele? Mwenye nyumba kampandishia kodi. Mwambie huyu ndege wa safari hii kilema chake kimezidi."

"Na akishtuka, baba? Unamjua alivyo. Atanitupia usoni kama ile bahasha."

"Hathubutu. Ile tulikuwa tunampa. Hizi anadhani anatuibia."