Changu wa Beseni la Mama

Siku hizi samaki wa baharini wanalelewa majumbani, kila nyumba mmoja, mpaka wakomae, turudi sisi tuliosomea bahari kuwachukua na kuwaachia baharini. Mimi nilianza utotoni, na perege wa mtoni kwenye beseni la mama. Leo, nikiwa hoi kwa kupita nyumba hadi nyumba, zamu ilikuwa ya samaki wa mama, changu.

"Mama, bado unamfunika kanga usiku?"

"Anaona baridi, mwanangu."

Nilimwachia baharini, maji yakiwa wazi pande zote. Akazunguka palepale, duara la upana wa beseni. Nikamsukuma kwa mkono, akarudi kwenye duara lake, kama wenzake wote niliowaachia.

Nyumbani nikamwambia mama kwamba changu ameenda zake.

"Alhamdulillahi," akasema, huku akisugua beseni. "Basi niletee mwingine."