Umeme Mchafu

Tangu fundi umeme Riziki aseme kwamba umeme wa mtaa ule ni mchafu, Bi Mwanahawa hakutulia. Taa za kibanda chake cha kuchaji simu zilichezacheza kutwa, na mchafuzi alikwisha kumjua: jirani yake Chogo, mchomeleaji wa mageti. Asubuhi hiyo akamrushia kitambaa kikavu.

"Futa nyaya zako, mwanangu, au ukatiwe umeme!"

Riziki, aliyekuwa amekuja kupima, akacheka mpaka akashika mbavu. "Uchafu huu haufutiki, mama. Ni wimbi la umeme linalovurugwa na vifaa vyenu." Akafunga kipimo chake kwenye waya wanaouchangia, akawaonyesha kioo. Mstari uliopaswa kupanda na kushuka taratibu ulikuwa na meno kama msumeno.

Chogo akazima mashine. Meno yakapungua kidogo tu.

"Sasa wewe, mama."

"Mimi? Kwa chaja ndogondogo hizi?" Hata hivyo akazizima zote mia na ishirini. Mstari ukalainika kama mgongo wa paka.

"Katika sehemu kumi za uchafu, Chogo mbili," Riziki akatangaza. "Mama, saba: chaja ni ndogo, lakini ni nyingi. Moja imetoka nje ya mtaa."

Watu wakaangua kicheko. Chogo akamnyooshea Bi Mwanahawa kitambaa chake. Papo hapo simu moja ikalia katikati ya zile chaja.

"Hiyo... ni yangu," Chogo akasema.

Bi Mwanahawa akakichana kitambaa vipande viwili, kimoja akamrudishia. Kisha akawatazama wateja waliofuata simu zao, akaendelea kuchana, kila mmoja apate chake.